Namna ya kusoma Torati, Injili na Kurani ukiwa na mashaka

Chukua kambale mmoja pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mkatoliki anamla. Mwislamu wa Kisunni anamla. Msabato hamgusi, na Mwislamu wa Kishia Ithnaashari naye hamgusi. Wote wanne wanamtaja Mungu wa Ibrahimu, wote wana kitabu. Ukitaka kujua kwa nini wameachana njia juu ya samaki mmoja kwenye beseni moja, unaweza kumuuliza kila mtu, ukarudi nyumbani na majibu manne yaliyopangwa vizuri. Au unaweza kusoma vitabu vyenyewe, uone maandishi yanaishia wapi na mapokeo yanaanzia wapi.

Mwongozo huu ni wa njia ya pili. Ni wa mtu aliyelelewa kanisani au msikitini akachoka kuambiwa "imeandikwa" bila kuonyeshwa ilipoandikwa, na pia wa yule ambaye hajawahi kuamini lakini anaishi Igoma au Pansiansi, ambako alfajiri inaanza kwa adhana na Jumapili kwa kengele. Mashaka tunayoyasema si kejeli. Mwenye kejeli hana haja ya kufungua kitabu, maana jibu analo tayari. Mwenye mashaka hajaridhika, ndiyo maana anafungua.

Vitabu vyenyewe

Nunua Biblia mbili, si moja. Ya kwanza ni ile ya Union Version ya 1952, ambayo wengi huiita Biblia ya zamani. Kiswahili chake ni kizito, kina "nalimwona" na "nikali", lakini inafuata maneno ya asili kwa ukaribu, na hilo ndilo unalolitaka unapochunguza. Ya pili ni Biblia Habari Njema, ambayo inatoa maana kwa lugha ya leo. Tafuta toleo lenye vitabu vya Kikatoliki, yaani jumla ya vitabu 73 badala ya 66, ili usije ukashangaa mtu anapokunukulia Tobiti, Hekima au Yoshua bin Sira. Pale tafsiri mbili zinapopishana sana kwenye mstari mmoja, weka alama. Mara nyingi hapo pana ugumu katika Kiebrania au Kigiriki ambao mfasiri mmoja ameufunika.

Kwa Kurani, tafsiri mbili zinatosha: ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika 1969, na ya Ali Muhsin al-Barwani ya 1995. Zipo mbili nyingine za zamani zenye historia yake. Ya Godfrey Dale ya 1923 ilifanywa na mmisionari wa Kianglikana, na maelezo yake yamekaa kikanisa. Ya Waahmadiyya, kundi lisilokubaliwa na Waislamu wengi, ya 1953 ilimchokoza al-Farsy kiasi kwamba sehemu ya maelezo yake ni majibu kwao. Ukiokota nakala ya Waahmadiyya, jihadhari na namba: wao wanahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo karibu kila sura aya zao zinazidi kwa moja. Watu wamebishana mchana kutwa kwa sababu hiyo tu, kila mmoja akiamini mwenzake amebuni aya.

Na maneno yaliyo ndani ya mabano katika tafsiri ya Kurani ni ya mfasiri, hayamo kwenye Kiarabu. Soma aya mara mbili, mara moja ukiruka mabano. Tofauti inaweza kuwa kubwa.

Vitabu vya Kiyahudi kwa Kiswahili chenye mpangilio wa Kiyahudi usivihangaikie. Tumia Agano la Kale la Kiprotestanti, maandiko ni yaleyale. Kinachobadilika ni hesabu na mpangilio. Wayahudi wanahesabu vitabu 24 pale Waprotestanti wanapohesabu 39, kwa sababu Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, Mambo ya Nyakati kimoja, Ezra na Nehemia kimoja, na manabii wadogo 12 ni kimoja. Mafungu yao ni matatu: Torati, Manabii, Maandiko. Danieli na Ruthu wamo kwenye Maandiko, na mwisho kabisa ni Mambo ya Nyakati, ambako Koreshi mfalme wa Uajemi anawaruhusu watu wapande kwenda Yerusalemu. Biblia ya Kikristo inamalizia Agano la Kale kwa Malaki, anayeahidi kuja kwa Eliya, ili ukifungua ukurasa unaofuata ukutane na Yohana Mbatizaji. Maneno hayakuguswa, ila hadithi imegeuzwa uso. Andika mpangilio wa Kiyahudi kwenye karatasi, uibandike ndani ya jalada.

Jambo dogo la lugha: "sura" kwa Waislamu ni kitengo chenye jina, nazo ziko 114. Katika Biblia wengine husema sura, wengine mlango. Humu tutasema mlango na mstari kwa Biblia, sura na aya kwa Kurani.

Kauntabuku

Kauntabuku la kwaya mbili linatosha. Kila ukurasa ugawe safu tatu. Ya kushoto: maandishi yanasema nini, kwa maneno machache, pamoja na mlango na mstari. Ya kati: nilichofundishwa au nilichodhani. Ya kulia: swali.

Safu ya kati ndiyo yenye kazi. Utaandika "mamajusi watatu", kisha ufungue Mathayo 2 ukute idadi haikutajwa. Zilizotajwa ni zawadi tatu. Utaandika "tufaha la Hawa", ukute Mwanzo 3 inasema tunda, basi. Utaandika "nyangumi wa Yona", ukute kitabu cha Yona kinasema samaki mkubwa. Upande wa Kurani utaandika "Hawa", ukute jina hilo halimo, anaitwa mke wa Adam. Utaandika "Kaini na Abeli, Kabili na Habili", ukute sura ya 5 inasema wana wawili wa Adam bila kuwataja. Utatafuta idadi ya rakaa za kila sala, usizikute, kwa kuwa zimo kwenye hadithi za Mtume na si kwenye msahafu. Baada ya mwezi mmoja safu ya kati itakuwa imejaa vitu ambavyo ungeapa kwamba umevisoma.

Usiandike ndani ya vitabu vyenyewe. Kwa Biblia ni hiari yako. Msahafu wenye Kiarabu usitie wino, usiuweke sakafuni wala chini ya vitabu vingine. Na kama nakala ni ya kuazima, muulize mwenyewe kuhusu udhu kabla ya kuushika. Adabu hii haikupunguzii mashaka hata chembe, na inakuhakikishia utaazimwa tena.

Zoezi la jioni moja: kambale

Kabla ya safari ndefu, fanya hili ujue chombo kinavyofanya kazi. Fungua Walawi 11, mstari wa 9 hadi 12, kisha Kumbukumbu la Torati 14:9-10. Sharti ni mbili kwa pamoja: mapezi na magamba. Sato anapita, sangara anapita, dagaa anapita. Kambale ana mapezi lakini ngozi yake ni tupu, kwa hiyo ameanguka. Kamongo ana magamba madogo yaliyozama ndani ya ngozi, na hapo tayari unaona kazi ambayo maandishi hayaimalizi: gamba ni lipi? Linaloonekana kwa jicho? Linalobanduka kwa kisu? Marabi walilazimika kujibu maswali ya namna hiyo, na majibu yao yamo kwenye Talmudi, si kwenye Torati.

Sasa nenda Marko 7:14-23. Yesu anasema kinachomwingia mtu hakimtii unajisi. Mstari wa 19 una kipande kinachosema kwamba kwa kusema hivyo alivitakasa vyakula vyote. Nani anasema kipande hicho? Si Yesu, ni mwandishi, anamweleza msomaji. Fungua Mathayo 15:10-20, tukio lilelile. Kipande hicho hakipo. Andika kwenye safu ya kulia: kwa nini Mathayo hana? Halafu soma Matendo 10, Petro na lile shuka lililojaa wanyama, ambako Petro anakataa kula kana kwamba hajawahi kusikia kwamba vyakula vyote vilitakaswa. Ukimaliza nenda Matendo 15:28-29, ambako wasio Wayahudi wanaambiwa wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa na uasherati. Msabato anasoma haya yote na kusema Matendo 10 inahusu watu, si vyakula, na mstari wa 28 unampa nguvu. Mkatoliki anasoma haya yote na kula kambale. Hakuna aliyeficha ukurasa.

Kurani 5:96 inahalalisha mawindo ya majini. 6:145 inataja vilivyoharamishwa kwa ufupi: mzoga, damu inayomwagika, nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata, 6:146, inasema Mayahudi waliharamishiwa vingine zaidi kama adhabu, na 3:50 inamnukuu Isa akisema amekuja kuwahalalishia baadhi ya walivyoharamishiwa. Kitabu cha tatu kinaijua sheria ya kitabu cha kwanza na kinaieleza kwa namna yake. Magamba hakuna popote. Basi Shia Ithnaashari amelipata wapi katazo? Kwenye riwaya za maimamu wake. Safu ya kushoto ya Kurani itabaki tupu, na huo utupu nao ni jibu.

Wiki 36

Dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki 16 za Biblia ya Kiebrania, 10 za Agano Jipya, 10 za Kurani. Milango mitatu kwa kikao ni mwendo wa kawaida. Anayesoma saba kwa siku huwa ameacha kuandika.

Kosa linaloua safari nyingi ni kuanza Mwanzo 1 na kwenda mbele bila kuruka. Mwanzo inateremka vizuri, Kutoka nayo hadi mlango wa 24, halafu kwenye 25 yanaanza mapazia, vitanzi na vipimo vya hema, na kuanzia 35 vipimo vilevile vinarudiwa karibu neno kwa neno. Watu wanafikia hapo Machi, Biblia inarudi kabatini. Kwa hiyo ruka, usome hizi tu: Mwanzo yote, Kutoka 1-24 na 32-34, Walawi 11, 16, 19 na 25, Hesabu 11-14 na 22-24, Kumbukumbu 4-6, 12-18, 28 na 34. Kisha Waamuzi yote, Samweli zote mbili, 1 Wafalme 1-12, 2 Wafalme 17-25. Halafu Amosi, Isaya 7 na 40-55, Yona, Ayubu 1-7 na 38-42, Mhubiri. Ni milango kama 250. Mhubiri usimwache kwa vyovyote: msomaji mwenye mashaka atakuta mwenzake ametangulia kukaa humo ndani kwa karne nyingi.

Ukisoma Mwanzo, soma mlango wa 1 hadi 2:3, funga kitabu, andika mpangilio wa uumbaji. Fungua tena 2:4 hadi 25, andika mpangilio wa pili. Katika wa kwanza wanyama wanatangulia, mwanamume na mwanamke wanaumbwa mwishoni pamoja. Katika wa pili mwanamume anatangulia, wanyama wanafuata, mwanamke ni wa mwisho. Jina nalo linabadilika: Union Version inaandika "Mungu" katika wa kwanza na "BWANA Mungu" katika wa pili. Hiyo BWANA ya herufi kubwa inasimama badala ya herufi nne za jina la Mungu kwa Kiebrania, YHWH, ambazo Wayahudi hawazitamki. Kila ukiiona, jua kwamba kuna jina chini yake.

Fanya hivyo hivyo kwa gharika. Mwanzo 6:19 inasema wawili wawili, 7:2 inasema saba saba kwa wanyama safi. Siku 40 katika 7:17, siku 150 katika 7:24. Maelezo ya wataalamu wengi ni kwamba masimulizi mawili yamesukwa pamoja kama mkeka wa rangi mbili. Wengine wanajibu kwamba mlango wa 7 unafafanua wa 6 tu. Gawa ukurasa safu mbili, panga mistari ya Biblia kila upande, ujionee kama kila upande unasimama peke yake. Na swali la nani aliandika si la wapinzani wa dini tu. Kumbukumbu 34 inasimulia kifo cha Musa na kaburi lake. Mwanzo 36:31 inazungumzia wakati "kabla" Israeli haijawa na mfalme, kauli ambayo ni vigumu kuitoa kinywani mwa mtu aliyeishi kabla ya wafalme. Rabi Ibn Ezra wa Hispania aliyaona mambo ya namna hii katika karne ya 12, akayataja kwa mafumbo akimwachia mwenye akili ayatambue.

Samweli ni mahali pa kukaa. Nani alimuua Goliathi? 1 Samweli 17 inasema Daudi. 2 Samweli 21:19 inasema Elhanani. 1 Nyakati 20:5 inasema Elhanani alimuua ndugu wa Goliathi. Nyakati iliandikwa baadaye, na inaonekana mwandishi wake aliliona tatizo kabla yako. Halafu 2 Samweli 24:1: hasira ya BWANA ndiyo inayomchochea Daudi ahesabu watu. 1 Nyakati 21:1: Shetani ndiye. Hesabu zenyewe nazo hazilingani, Israeli 800,000 na Yuda 500,000 katika Samweli, 1,100,000 na 470,000 katika Nyakati. Anayewinda makosa atashika namba akaondoka. Usiondoke. Mabadiliko kutoka BWANA kwenda Shetani ni makubwa kuliko tofauti ya namba, yanaonyesha jinsi watu walivyoanza kuona vigumu kumhesabia Mungu jambo kama lile.

Kwenye 2 Wafalme 18-19 unapata nafasi adimu: upande wa pili nao uliandika. Senakeribu mfalme wa Ashuru alivamia Yuda mwaka 701 KK. Mche wake wa udongo wenye pande sita, ulioko London, unasema alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, akatozwa talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Biblia inasema 30 za dhahabu na 300 za fedha, kisha malaika akaua Waashuri 185,000. Mche hausemi neno juu ya malaika. Lakini hausemi pia kwamba mji ulitekwa. Kila mmoja amejisifu na kuna alilolimeza.

Injili na barua

Usianze na Mathayo kwa sababu tu yuko mbele. Anza na 1 Wathesalonike, ambayo wataalamu wengi wanaiweka karibu mwaka 50, kisha Wagalatia, ndipo Marko. Paulo aliandika kabla ya Injili yoyote kati ya nne, na utashangaa jinsi asivyosimulia maisha ya Yesu. Marko isome kikao kimoja, kwa sauti ukiweza. Saa moja na nusu hivi. Inakimbia, kila kitu ni "mara", na katika nakala mbili za kale kuliko zote zenye mwisho wa Marko, Sinaitiko na Vatikano, inaishia 16:8, wanawake wanakimbia kaburini kwa hofu wala hawamwambii mtu. Mstari wa 9 hadi 20 haumo humo. Angalia mabano au tanbihi kwenye Biblia yako. Mwanamke mzinifu katika Yohana 7:53-8:11 naye hayumo katika nakala za kale kuliko zote.

Mathayo na Luka wasome sambamba, Biblia mbili zikiwa wazi mezani. Mathayo 1:16 inasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka 3:23 inasema Heli. Yuda katika Mathayo 27:5 anajinyonga, katika Matendo 1:18 anaanguka na kupasuka. Kwa kila tofauti yapo maelezo ya kanisa, mengine ya maana, mengine ya kulazimisha. Yaandike kwa haki kabla ya kuyapima. Isaya 7:14 linganisha na Mathayo 1:23. Neno la Kiebrania hapo ni mwanamke kijana; Mathayo alifuata tafsiri ya Kigiriki yenye neno la bikira. Soma Isaya 7 yote, uone mtoto huyo alikuwa ishara kwa mfalme gani na kwa vita gani.

Wasukuma wana Mwanamalundi, ambaye husimuliwa kwamba akiunyooshea mti kidole unakauka. Alikuwa mtu kweli, na aliishi hadi karne iliyopita. Kaa na wazee watatu wa vijiji tofauti, uone hadithi moja inavyotoka kwa sura tatu, huku kiini kikibaki. Hii haithibitishi wala haikanushi Injili. Inakupa kipimo cha miaka: kati ya kusulubiwa na Marko kuna kama miaka 40, muda ambao mashahidi wengine wako hai na masimulizi tayari yana miguu.

Kurani

Kurani inashinda wengi kwa sababu wanaisoma kama Biblia. Haianzi mwanzo wa dunia wala haiendi kwa miaka. Baada ya Fatiha, sura zimepangwa takribani kwa urefu, ndefu mbele. Anayeanza na al-Baqara anakutana na aya 286 za Madina zinazojibu mabishano ambayo hajayasikia. Anzia nyuma: 96 aya tano za mwanzo, 74, 73, kisha 93 hadi 112. Halafu 12, 19, 20, 26 na nyingine za Makka. Mwisho 2, 3, 4, 5, 8 na 9. Kichwa cha kila sura kinakuambia imeteremka Makka au Madina, liandike. Kwa urefu Kurani ni zaidi kidogo ya nusu ya Agano Jipya, kwa hiyo wiki 10 zinatosha kuisoma yote.

Sura ya 12 ndiyo daraja zuri kuliko yote. Inasomwa kwa nusu saa. Siku ya kwanza soma Mwanzo 37 na 39-45, ya pili soma sura ya 12, ya tatu zilinganishe. Katika Mwanzo angalia Yusufu anauzwa na nani: 37:36 inasema Wamidiani walimwuza Misri, 39:1 inasema Potifa alimnunua kwa Waishmaeli. Katika Kurani wauzaji hawana kabila, bei ni duni tu, na mkazo uko kwingine. Fuata kanzu. Inatoka mara tatu: yenye damu ya uongo (12:18), iliyochanika kwa nyuma ikamtetea Yusuf (12:25-28), na inayomrudishia baba yake macho (12:96). Mwanzo ina vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa likatumiwa kumshtaki. Nguo ileile, huku inamfunga, kule inamwokoa. Na angalia Kurani inamwita mtawala wa Yusuf mfalme, ilhali wa Musa ni Firauni. Torati inawaita wote Farao.

Kisha soma 5:27-32. Baada ya mauaji ya ndugu, aya ya 32 inasema Wana wa Israili waliandikiwa kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote. Katika Torati hutaukuta mstari huo. Umo kwenye Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Sanhedrin 4:5, ambako marabi wanafafanua neno "damu" la Mwanzo 4:10, ambalo kwa Kiebrania liko katika wingi. Vivyo hivyo ndege wa udongo aliyepuliziwa uhai na Isa (3:49) hayumo katika Injili nne. Hadithi hiyo imo katika Injili ya Utoto ya Tomaso, isiyo ya kanuni. Mwenye mashaka atasema Kurani ilichukua masimulizi yaliyokuwa yakizunguka. Mwislamu atasema Mungu ni yuleyule na ukweli uliwahi kufika kwa wengine. Maandishi yenyewe yanavumilia kauli zote mbili. Usilazimishe.

Kuhusu nakala, usibebe hoja za nusu. Ngozi zenye maandishi ya Kurani zilizoko Birmingham zimepimwa kwa kaboni zikaangukia kati ya 568 na 645. Kilichopimwa ni ngozi, si wino. Nakala ya Sana'a, iliyopatikana 1972, ina maandishi ya chini yaliyofutwa, nayo yana tofauti na msahafu wa leo. Na visomo, yaani namna zinazokubaliwa za kuisoma Kurani, vipo mpaka leo: Fatiha aya ya 4, kisomo cha Hafs ni *maaliki*, cha Warsh ni *maliki*, mwenye siku ya malipo au mfalme wake. Mwanafunzi wa madrasa anayejua hili atakuheshimu ukilitaja sawasawa.

Mihadhara, na wa kuwauliza

Ukikulia Tanzania umesikia mihadhara ya uwanjani: Mwislamu anafungua Biblia kwenye Kumbukumbu 18:18 na Yohana 14:16, Mkristo anafungua Kurani kwenye 10:94 na 5:47, umati unashangilia kama Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, siku ya ngoma. Mistari hiyo usiidharau, lakini kila mmoja usome pamoja na mlango mzima ulioutangulia na ulioufuata. Ni sheria ngumu kuliko inavyosikika, na nusu ya hoja za spika zinayeyuka hapo.

Shida inayofanana nayo ni mizani. Kitabu ulicholelewa nacho unakipimia kwa huruma, tofauti zake ni "mafumbo". Cha jirani unakijaza lumbesa. Aliyetoka kwenye dini kwa hasira hufanya kinyume chake: cha kwao ndicho anachokikamua. Kila wiki ya tano rudi kwenye safu ya kulia, chukua swali ulilouliza kitabu kimoja, uwaulize vilivyobaki kwa maneno yaleyale. Ukiuliza kuhusu vita katika sura ya 9, uliza pia kuhusu Waamaleki katika 1 Samweli 15.

Ukikwama, nenda kwa mtu, na uende na kitabu mkononi. Usiende siku ya ibada. Padri ukimkuta baada ya misa ana watu 20 wanaomsubiri, na shekhe Ijumaa mchana hana nafasi. Piga simu, omba nusu saa katikati ya wiki. Swali liwe moja, lenye mlango na mstari, bila mtego: "Shikamoo mchungaji. Nimesoma Marko 16, nimekuta mabano kuanzia mstari wa 9. Ninyi mnalifundishaje jambo hili?" Au: "Shikamoo shekhe. Kwenye 37:102 mtoto wa Ibrahimu anayetakiwa kuchinjwa hakutajwa jina. Wanaosema ni Ismail wanalipata wapi?" Neno linalofanya kazi ni "wapi". Ukiuliza "kwa nini mnaamini", utahubiriwa. Ukiuliza "wapi", utafunguliwa rafu ya vitabu, na kwenye rafu hiyo, kwa shekhe, utakuta hata wafasiri wa kale waliosema mtoto yule alikuwa Is-haka. Andika jina la kitabu na ukurasa kabla hujaaga.